Kwanza Kisima, Kilele Baadaye

Maswali tunayoletewa na wasomaji kuhusu jambo hili yanatofautiana maneno tu. Mmoja anataka kupanda Kilimanjaro ili shule ya kijijini kwao ipate maji. Mwingine anacheza ligi na anataka kukimbia marathoni kwa ajili ya wodi ya watoto. Wafanyakazi wa ofisi moja wanataka kuendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma wachangie matibabu ya mwenzao. Wote wanauliza waanzie wapi, na karibu wote, kabla hawajajibiwa, wameshachagua rangi ya fulana.

Jibu langu huwaudhi kidogo: mlima ndio kitu cha mwisho kupanga. Watu hawatoi fedha kwa sababu umeteseka. Wanatoa kwa sababu wameona kinachohitajika, wameambiwa bei yake, na wanamwamini aliyeshika daftari. Mateso yako yanakupa dakika mbili za kusikilizwa, basi. Ukizimaliza kueleza urefu wa mlima na baridi ya kileleni, umepoteza nafasi uliyoitolea jasho. Wanamichezo wa kulipwa waliofanikiwa kweli katika kazi hii, ukichunguza walivyoipanga, utakuta walianza upande ule mwingine.

## Kitu chenye bei

Chris Long alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika ligi ya NFL. Mwaka 2013 alikuja Tanzania kupanda Kilimanjaro kama mtalii yeyote, na alichorudi nacho kwao ni habari ya akina mama na watoto wanaotembea mwendo mrefu kutafuta maji. Mwaka 2015 alianzisha Waterboys. Hakuwaambia mashabiki wake kwamba anataka kuisaidia Afrika, maneno ambayo hayana mwanzo wala mwisho. Aliwaambia kwamba kisima kirefu kinachovutwa kwa umeme wa jua ni dola 45,000, na kwamba anataka visima 32, kimoja kwa kila timu ya ligi. Shabiki wa timu yoyote, hata ile inayoshika mkia, aliweza kujiona ndani ya hesabu hiyo. Mlima ulirudi mwaka 2016, pale askari wastaafu, mmoja wao akiwa amepoteza mguu vitani, walipoupanda kwa jina la mradi uliokuwa tayari unajulikana. Tazama mpangilio wake: shida, bei, idadi, ndipo mlima.

Uingereza kuna mfano wa Kevin Sinfield, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya raga ya Leeds Rhinos. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 kwa ajili ya Rob Burrow, rafiki yake waliyecheza pamoja, ambaye alikuwa amepatwa na ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Lengo alilotangaza lilikuwa paundi 77,777, kwa sababu Burrow alivaa jezi namba 7. Zikapatikana zaidi ya milioni 1. Unaweza kupinga kwamba Burrow alipendwa na taifa zima na kwamba watu walikuwa wamefungiwa nyumbani na korona. Kweli, lakini pingamizi hilo linaniunga mkono: kilichofungua mikono ya watu ni Burrow, si kilomita. Miaka iliyofuata Sinfield alibadilisha barabara, umbali na miji, ila mtu aliyekimbia kwa ajili yake alibaki yuleyule.

Na tusidhani bei ni mbinu ya matajiri. Terry Fox hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani, na mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia. Ombi lake mtoto wa darasa la pili angelielewa: dola moja kwa kila Mkanada. Saratani ilimrudia akasimamishwa njiani, lakini kufikia Februari 1981 mchango ulikuwa umepita dola milioni 24, nchi ikiwa na watu takriban idadi hiyo.

Rudi sasa kwenye kadi za mchango zinazopita mikononi mwetu. Mtu akiniandikia kwamba anachangisha “kwa ajili ya afya ya mama na mtoto”, siwezi kujua elfu kumi yangu itafanya nini. Akiniambia wodi ya wazazi ya zahanati fulani inahitaji magodoro, bei ya godoro moja ni hii, na yaliyobaki ni manne, najua mara moja kama naweza godoro zima au nusu, na najua nimpigie nani tushirikiane.

## Kabla hujatangaza chochote

Kwa kuwa wengi wanaouliza wanataka kuchangia maji, nitatumia kisima kama mfano. Anayechangia darasa au upasuaji atabadilisha majina ya ofisi tu.

- Nenda kwa wenye shida kabla ya kwenda kwa wenye fedha. Zungumza na serikali ya kijiji, kamati ya shule, mganga mfawidhi. Waulize kinachowakwamisha, kisha nyamaza. Mara nyingi wanaomwona mgeni mwenye kisima mkononi watakubali kisima, hata kama walichohitaji ni bomba la mita mia tatu kutoka kwenye tangi lililopo.
- Kwa Tanzania, fika ofisi ya RUWASA ya wilaya. Wakala huu wa maji vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hapo ndipo utajua wapi pameshachimbwa pakakosa maji, mradi gani uko kwenye bajeti tayari, na jumuiya ipi ya watumia maji itakabidhiwa pampu.
- Dai kipimo cha maji. Kuzunguka Kilimanjaro na Meru, maji ya ardhini ya maeneo mengi yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayowapa watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kisima kinachotoa maji hayo si msaada.
- Uliza nani atalipia matengenezo. Kusini mwa Sahara, takriban pampu moja ya mkono kati ya tatu imekadiriwa kuwa haifanyi kazi. Nyingi zilizinduliwa kwa ngoma na utepe.
- Pata makadirio ya gharama kwa maandishi kutoka kwa wakandarasi wasiopungua wawili.
- Ulizia kibali. Kuomba umma fedha kuna taratibu zake, na hazifanani Kenya na Tanzania. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au kaunti ndiyo mahali pa kuanzia. Njia nyepesi ni kuchangisha chini ya taasisi iliyosajiliwa na yenye akaunti yake.

Kazi hiyo inaweza kula miezi miwili. Msomaji mmoja alilalamika kwamba hamasa itakuwa imepoa. Hamasa inayopoa kwa miezi miwili isingefika kilele pia, na afadhali ipoe kabla ya fedha za watu kuingia.

## “Mbona usitoe tu nauli?”

Hili ndilo pingamizi litakalokufika mapema kuliko yote, tena kutoka kwa shangazi yako. Mgeni kutoka nje hulipa kwa kawaida dola 2,000 na zaidi kupanda Kilimanjaro. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo zaidi, lakini ukijumlisha mwongozaji, wapagazi wanaoitwa wagumu, chakula na mavazi ya kukodi, bado si fedha ya kuchezea. Kwa nini isiende yote kwenye kisima?

Pingamizi ni zito, na jibu lake liko kwenye hesabu, wala maelezo hayatoshi. Kama gharama ya safari ni milioni mbili na unaona kwa haki kwamba utachangisha milioni moja na nusu, shangazi ana haki: toa hizo milioni mbili, ubaki nyumbani. Chris Long mwenyewe alitoa mshahara wake wote wa msimu wa 2017 kwa elimu, na hakuhitaji kupanda hata kichuguu. Safari inahalalika pale tu inapoleta mara kadhaa ya gharama yake, au inapoleta watu ambao wasingechangia kabisa. Weka makadirio yako kwenye karatasi kabla ya kulipa malipo ya awali ya safari, na mpe karatasi hiyo mtu asiyekupenda sana aipitie.

Kutoka hapo inazaliwa kanuni ambayo sitaki ijadiliwe: gharama za safari zilipwe mfukoni mwako au na mfadhili aliyejua analipia safari. Shilingi iliyotolewa kwa kisima isinunue buti. Kuna makampuni huko nje yanayouza safari ambapo sehemu ya mchango hulipia tiketi ya ndege ya mpandaji, na hueleza hivyo kwa maandishi madogo. Kwa mchangiaji wa kwetu, aliyetuma elfu tano kwa simu akitoka sokoni, hakuna maandishi madogo. Akigundua, hatakuchangia tena, na hatamchangia mwenzako atakayekuja nyuma yako.

Kama hesabu ya mlima haikubali, yapo matukio ya bei nafuu ambayo wengine wameshayaandaa. Benki ya CRDB imekuwa ikitumia marathoni yake kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na benki ya NMB imeelekeza yake kwenye matibabu ya fistula katika hospitali ya CCBRT. Kule Kenya, mbio za Lewa zimekuwa zikikimbiwa tangu mwaka 2000, na mapato yake huenda kwenye uhifadhi, shule na afya ya jamii jirani. London Marathon, iliyoanza mwaka 1981, imeshapitisha paundi bilioni 1 za michango, kwa sehemu kubwa kutokana na wakimbiaji wasiojulikana na yeyote ila majirani zao, ambao hupewa nafasi na taasisi fulani kwa ahadi ya kukusanya kiasi walichokubaliana. Nasisitiza hilo kwa sababu ya wale wanaosema, “Mimi si Sinfield.” Wewe si Sinfield, lakini una wafanyakazi wenzako, kwaya, timu ya mtaani na kundi la mliosoma pamoja.

## Daftari

Hapa Mswahili ana mafunzo ambayo mchezaji wa Marekani hulazimika kuyanunua kwa mshauri. Tumechangia harusi maisha yetu yote. Tunajua tofauti ya ahadi na fedha taslimu, na tunajua kwamba mhazini hatakiwi kuwa bwana harusi. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule aliyekuwa mkali kwenye kamati ya harusi, akianza kuchangisha kwa ajili ya kisima anaweka namba yake ya simu binafsi, anapokea mwenyewe, anaandika mwenyewe, na anaona amedharauliwa akiulizwa.

Kwa hiyo weka akaunti au namba ya malipo yenye jina la taasisi au mradi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Paybill au lipa namba ni bora kuliko namba ya mtu kwa sababu mchangiaji anaona jina kabla ya kuthibitisha. Kenya kuna M-Changa, iliyojengwa kwa michango ya namna hii. Kwingine, daftari la kawaida linalopigwa picha na kuwekwa kwenye kundi kila Jumapili jioni linatosha, mradi kila aliyechangia aone jina lake au herufi zake. Asiyetaka jina lake lionekane mheshimu. Ahadi ziandikwe ukurasa wake, zisijumlishwe na zilizopokelewa. Jumla ya kupendeza iliyojaa ahadi ndiyo mwanzo wa maneno.

Yote hayo yasubiri jambo moja: amua na utangaze mapema fedha zitakwenda wapi zikizidi, na zitakwenda wapi zikipungua. Zikizidi, labda ni akiba ya matengenezo ya pampu. Zikipungua, labda ni ukarabati wa kisima cha zamani. Usipolisema hili mwanzoni, utalisema mwishoni, na mwishoni lina sura ya kujitetea.

## Mwili hausomi magazeti ya michezo

Wanamichezo ndio ninaowahofia zaidi mlimani, kwa sababu wamezoea kuushinda mwili. Desemba 2010, Martina Navratilova, mmoja wa wacheza tenisi wakubwa waliowahi kuwapo, alipanda Kilimanjaro kuichangia taasisi ya Laureus. Alikuwa na miaka 54 na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, lakini kwa mazoezi hakuna aliyeweza kumfundisha kitu. Hakufika. Mapafu yake yalianza kujaa maji akiwa juu ya mita 4,000, akateremshwa na kulazwa hospitalini Nairobi, akapona. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii nguvu za miguu. Unaangalia ni kwa kasi gani umepanda na damu yako imezoeaje hewa nyepesi.

Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sasa angalia njia ya Marangu kwa siku tano, ile ambayo vikundi vya mchango huipenda kwa bei yake: Mandara iko takriban mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ni karibu mita elfu kwa usiku, mara mbili ya ushauri. Ongeza siku. Njia ya siku saba au nane ni ghali zaidi, na ndiyo inayofikisha watu.

Dalili za kurudi chini hazijadiliwi na kikundi wala hazipigiwi kura:

- kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, au kikohozi chenye mapovu;
- kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kusahau majina;
- maumivu ya kichwa na kutapika ambavyo vinazidi licha ya kupumzika.

Hatari ya mchangishaji ni kwamba ana aibu ya ziada: watu wamechanga, atawaambia nini? Ndiyo maana usiahidi kilele. Ahadi zako ziandikwe kwa kisima, na mchango usifungwe kwenye kufika. Mwambie mwongozaji mbele ya wote, siku ya kwanza getini, kwamba neno lake la kurudi chini ndilo la mwisho. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, selimundu au mimba amwone daktari kabla ya kulipa chochote.

## Waliobeba mzigo wako

Hakuna aibu inayonishinda kama hii: mtu anapanda kuwachangia watoto maskini wa Moshi, na anayembebea hema ni baba wa watoto hao, analipwa nusu ya alichoahidiwa na kulala bila chakula cha kutosha. Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na hupimwa kwa mizani getini. Kabla ya kuchagua kampuni, uliza malipo ya siku ni kiasi gani na yanalipwa lini, wanakula mara ngapi, wanalala wapi, na kama kampuni inakaguliwa na KPAP, mradi ulioko Moshi unaofuatilia hali ya wagumu. Bakshishi itangazwe hadharani kwa kila mmoja siku ya mwisho, isipitie mkononi mwa mtu mmoja. Bei ya safari ikiwa chini sana kuliko za wengine, kuna aliyekatwa, na si mwenye kampuni.

## Makosa yanayojirudia

- Kuchapisha fulana 200 kabla ya kupata mchangiaji wa kwanza. Fulana ni gharama mpaka itakapouzwa.
- Kuomba mara moja kwa kishindo, kisha kimya. Watu wengi huchangia baada ya kukumbushwa, na siku nzuri za kukumbusha ni zile za mwisho wa mwezi.
- Kumtegemea mfadhili mmoja mkubwa aliyeahidi kwa mdomo.
- Kupiga picha watoto wa kijiji wakiwa wachafu au wagonjwa ili kuamsha huruma. Omba ruhusa ya wazazi, na jiulize kama ungekubali picha hiyo ya mwanao ibandikwe ofisini kwa watu.
- Kusema utakachofanya badala ya atakachofanya mchangiaji.

Kosa la nne linahitaji neno zaidi, maana wengi hulitetea kwamba “bila picha hizo fedha haziji”. Ian Botham, mchezaji wa kriketi wa Uingereza, alianza kazi hii baada ya kuona watoto wenye saratani ya damu wakicheza katika hospitali ya Taunton mwaka 1977, alipokwenda kutibiwa mguu. Kilichomshtua ni kwamba walionekana wazima, kisha akaambiwa baadhi yao hawatapona. Mwaka 1985 alitembea kutoka John o’Groats, kaskazini ya mbali ya Scotland, hadi Land’s End, ncha ya kusini-magharibi ya England, na akakusanya zaidi ya paundi milioni 1. Mtoto anayecheza alitosha kumtoa nyumbani. Atatosha pia kwa wachangiaji wako.

## Baada ya kushuka

Kazi ngumu inaanza hapa, na hapa ndipo wengi hupotea. Ndani ya siku saba, toa jumla ya fedha zilizopokelewa, sio ahadi, pamoja na gharama za kutuma na kutoa. Ndani ya mwezi, onyesha risiti ya malipo ya kwanza kwa mkandarasi. Maji yakitoka, piga picha ya maji na ya cheti cha kipimo chake. Picha yako kileleni imeshaonekana vya kutosha. Mradi ukichelewa, na miradi ya maji huchelewa, andika sababu kwenye kundi kabla hujaulizwa, hata kama sababu yenyewe ni lori lililokwama matopeni.

Halafu weka tarehe ya mwaka mmoja baadaye kwenye simu yako. Siku hiyo mpigie mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, muulize pampu inafanya kazi, wanatoza kiasi gani kwa ndoo, na akiba ya matengenezo imefika ngapi. Atakachokujibu, kiwe kizuri au kibaya, kitume kwa wachangiaji wote kama kilivyo, kisha ndipo uwaulize kama wako tayari kwa safari nyingine.